Watoto wako wako chata, je STAAR ni lazima? Jibu kwa mama wa Houston

Marahaba mama. Meseji yako niliisoma mara mbili usiku uleule ulioituma, na naiweka hapa kwa kifupi ili na wengine wenye jambo kama lako waelewe tunaongelea nini. Umesema mlitoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, sasa mko Houston mwaka wa pili, watoto wawili wanasoma shule ya mkataba, hizi tunazoita chata, mdogo yuko gredi ya tatu na dada yake gredi ya tisa. Shule imeleta karatasi kwamba mwezi wa nne kuna mtihani wa jimbo, STAAR. Unauliza, chata si shule huru, inafanyaje tena mtihani wa serikali? Unaweza kumkatalia mdogo asiufanye maana Kiingereza bado kinamsumbua? Akifeli atarudia darasa? Na mkubwa akishindwa ndo basi, hamalizi shule?

Majibu mafupi kwanza usije ukalala na presha. STAAR ni lazima, chata au siyo chata. Kukataa, hapa Texas hakuna. Mdogo, sheria ya jimbo haimrudishi darasa kwa sababu ya STAAR. Mkubwa kwake mtihani una uzito kweli, ila njia zipo na siyo moja. Sasa tukae tuongee taratibu, kwa sababu kuna kitu kingine umekigusa pembeni tu kwenye meseji, hujakiuliza hata, kwamba mwaka jana ulisaini karatasi ya kukataa watoto wasiwekwe kwenye darasa la msaada wa Kiingereza, na mimi naona hicho ndo kikubwa kuliko vyote ulivyouliza. Nitakifikia.

Tuanze na hiyo chata. Texas ilipitisha sheria ya kuziruhusu shule hizi mwaka 1995. Wengi wetu tunadhani ni kama shule ya binafsi kwa vile ina sare, ina jina zuri, ina bodi yake na watoto wanaingia kwa kuomba nafasi, lakini hela inayoiendesha ni ya umma, inatoka Austin, yaani serikali ya jimbo, kwa kuhesabu watoto wanaohudhuria kila siku, ndo maana hulipi ada na ndo maana mtoto akikosa siku moja tu simu inalia asubuhiasubuhi. Uhuru waliopewa ni wa mambo mengine. Wanaweza kuajiri walimu wengi bila ile leseni ya jimbo, hawabanwi na kikomo cha watoto 22 kwa mwalimu kwenye madarasa ya chini, wanajipangia siku ndefu au fupi. Ila sheria ileile iliyowapa huo uhuru imetaja moja kwa moja vitu ambavyo hawavikwepi, na mtihani wa jimbo pamoja na kupimwa kwa matokeo yake ni kimojawapo. Na juu ya Austin kuna Washington. Sheria ya shirikisho ya 2015, ESSA, iliyochukua nafasi ya ile ya 2002, inataka kila jimbo linalopokea hela ya shirikisho liwapime watoto wa shule za umma kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia gredi ya 3 hadi ya 8 na angalau mara moja sekondari, sayansi nayo mara moja katika kila ngazi, na wanaofanya wasipungue asilimia 95. Chata ni shule ya umma kwa hiyo imo ndani, hata mkuu wa shule akitaka kukuhurumia hana hiyo ruhusa.

Tena nikwambie ukweli, chata inauogopa huu mtihani kuliko shule ya kawaida. Texas inazipa shule alama A mpaka F, na tangu sheria ya 2013 chata ikifeli miaka mitatu mfululizo mkataba wake unafutwa, shule inafungwa, watoto wanatafutiwa pa kwenda. Shule ya kawaida nayo haiko salama, wewe uko Houston, umeona mwenyewe 2023 jimbo lilivyoichukua Houston ISD, wilaya ya shule za umma za Houston, nzima likaweka bodi yake, na chanzo kilikuwa shule kufeli miaka mfululizo. Kwa hiyo hizo karatasi kila wiki, madarasa ya Jumamosi, watoto kuimbishwa nyimbo za STAAR kwenye ukumbi, presha yake inatokea huko. Anayepimwa hapo kwanza ni shule, mtoto ndo anayeshika kalamu, au siku hizi niseme ndo anayeshika mausi maana mtihani wote uko kwenye kompyuta.

Hili nalisisitiza sababu najua unatoka wapi. Sisi tumelelewa na mtihani unaochuja. Darasa la saba, au TENAFEP kwa watoto waliosoma mtaala wa Congo pale kambini, ukianguka umeanguka, nafasi anapewa mwenzio. Nimekaa na wazazi wanalia kwenye ofisi wakidhani STAAR ya gredi ya tatu ni hivyohivyo. Siyo hivyo. Hakuna nafasi inayogombaniwa. Chata hairuhusiwi kabisa kuchagua watoto wa kuwapokea kwa kuangalia ufaulu wao, kwa hiyo hata ukihama kesho ukaenda chata nyingine hawawezi kukukatalia kwa alama za STAAR za mwanao.

Sasa kukataa. Najua kwenye makundi ya WhatsApp utakuta mtu anasema mimi nilisaini fomu mwanangu hakufanya, na hasemi uongo, yeye yuko Minnesota ambako mzazi ana fomu rasmi ya kukataa. Kila jimbo na sheria yake. Ya Texas inampa mzazi haki ya kumtoa mtoto kwa muda kwenye kipindi kinachogongana na dini au maadili yake, halafu sentensi inayofuata inasema haki hiyo haitumiki kumkwepesha mtoto mtihani. Wameliandika waziwazi kabisa. Ukimficha nyumbani siku hiyo kuna siku za kufidia, watamfanyisha akirudi, na ukimficha wiki zote unaingia kwenye kesi ya utoro ambayo familia ya wakimbizi haihitaji. Akienda akakaa mbele ya skrini asijibu kitu, inahesabiwa amefanya, alama inatoka ya chini kabisa. Sioni faida yake kwa mtoto, na nimeona hasara yake, mtoto anabaki anajua mama aliogopa.

Mwanao mdogo wa gredi ya tatu atafanya mitihani miwili tu, kusoma na kuandika kwa Kiingereza, na hesabu, siku mbili tofauti. Sayansi inaingia gredi ya tano, gredi ya nane inaongezeka sayansi na masomo ya jamii. Zamani mtoto wa gredi ya tano na ya nane akifeli alikuwa anaweza kurudishwa darasa kisheria, hilo lilifutwa 2021, na gredi ya tatu nayo haina masharti hayo. Matokeo yana ngazi nne, hajafikia, anakaribia, amefikia, amebobea, na huyo anayekaribia tayari amepasi, kwa hiyo ukiona neno la kukaribia kwenye ripoti usigombe. Asipopasi shule inadaiwa, yaani inalazimika kumpa masomo ya nyongeza, masaa 15 au 30 kwa somo kutegemea ameanguka kiasi gani, kwenye kikundi kidogo kisichozidi watoto wanne kwa mwalimu mmoja. Tangu 2023 mzazi anaweza kuyapunguza au kuyakataa kwa maandishi. Mimi nakuomba usiyakatae. Watoto wanne na mwalimu mmoja, hiyo tuisheni nje ungeilipia.

Kitu kimoja cha kuangalia: shule yenyewe ina utaratibu wake wa kupandisha darasa, uko kwenye kile kitabu cha mwongozo walichokupa siku ya kuandikisha, na chata zinatofautiana. Waombe wakuonyeshe ukurasa wenyewe. Mara nyingi wanaangalia maksi za darasani na mahudhurio, sasa ukiambiwa kwa mdomo tu kwamba asipopasi STAAR anarudia, uliza imeandikwa wapi.

Haya, ile karatasi uliyosaini.

Umeandika, nanukuu maneno yako, "jirani aliniambia ukikubali hiyo ESL wanamweka mtoto darasa la wajinga, nikakataa kwa wote wawili." Mama, sikulaumu hata kidogo, hili nimelisikia kwa Wacongo, Wakenya, Wasomali, Warundi, kila mtu ana huyo jirani. Mtoto anapoandikishwa unajazishwa fomu ya lugha ya nyumbani, na ukiandika lugha siyo Kiingereza wanampima, akionekana bado, anaingia kwenye orodha ya watoto wanaojifunza Kiingereza. Hapo inakaa kamati, inaitwa LPAC, wenyewe wanatamka elpaki, ndani yuko mwalimu, yuko kiongozi wa shule, na yuko mzazi wa mtoto anayejifunza Kiingereza kama wako. Hiyo kamati ndo inaamua mtoto apewe msaada gani darasani na msaada gani siku ya mtihani. Lazima wakuombe kibali kabla ya kumweka kwenye huduma, na wewe ukakataa. Haki yako ilikuwa, ila ulichosaini hakikumtoa mtoto kwenye orodha. Bado yumo. Bado kila mwaka atafanya ule mtihani wa Kiingereza unaoitwa TELPAS. Kilichoondoka ni msaada: mtoto ambaye mzazi wake amekataa huduma hapati ile misaada ya lugha kwenye STAAR inayopangwa na elpaki. Yaani umebaki na mitihani yote miwili, umeachia kiti cha kukalia.

Na huo msaada siyo kitu cha kudharau, ngoja nikuonyeshe. Nilikuwa nasimamia mitihani kwenye shule moja ya chata hapahapa Texas, mimi ndo nilikuwa nasaini kiapo cha siri, nachora chati ya viti, nabeba maboksi ya hedifoni asubuhi. Kulikuwa na kijana wa gredi ya nne aliyekua anaongea Kiswahili, hesabu za kuzidisha alikuwa anazitoa kichwani haraka kuliko walimu, sita mara nane hujamaliza kuuliza kashajibu. Hakuwa na msaada wowote, mzazi alikataa kama wewe, na shule haikumweleza alichokuwa anakikataa. Kwenye mazoezi ya darasani nilimwona amekwama kwenye swali la maandazi yanayopangwa kwenye masanduku, namba zote anaziona, kazunguusha 6, kazunguusha 8, akajumlisha akapata 14. Nilivyomsomea swali lilelile kwa Kiswahili, "kila sanduku lina maandazi sita, masanduku nane," alinicheka, akaandika 48. Tatizo lilikuwa neno moja dogo la Kiingereza la kusema "kila". Siku ya mtihani wenyewe sikuruhusiwa kumsomea, nikasimama nyuma yake na chati yangu ya viti, na nilijua.

Sasa mtoto mwenye kibali, kamati ikiona anahitaji, anaweka hedifoni na kompyuta inamsomea maswali ya hesabu. Kwenye mtihani wa kusoma haimsomei kile kifungu chenyewe maana kusoma ndo kinachopimwa, lakini inamsomea maswali na majibu ya kuchagua. Kuna msaada mwingine uko ndani ya skrini, anagusa neno linafunguka kwa maneno mepesi au kwa picha. Kamusi kwenye mtihani wa kusoma anaruhusiwa mtoto yeyote, na inaweza kuwa ya lugha mbili, Kiingereza na Kiswahili, mradi iwe ya neno kwa neno tu bila maelezo wala mifano ya sentensi, kwa hiyo zile kamusi zetu nene zenye sentensi za mfano zinaweza kukataliwa mlangoni. Tafuteni mapema, mpelekee msimamizi wa mitihani aikague. Na muda asiuogope, anaweza kuutumia mpaka mwisho wa siku ya shule. Kitu pekee kisichopo ni mtihani wenyewe kwa Kiswahili. Upo kwa Kihispania gredi ya 3 mpaka ya 5, lugha nyingine hakuna.

Ila sikia hapa, na ndo maana nakuharakisha. Hii misaada mtoto hapewi siku ya mtihani kama soda. Inatakiwa awe ameizoea darasani, anaitumia kila mara na inamsaidia, elpaki inaangalia hilo kabla ya kuandika jina lake. Ukienda mwezi wa nne wiki ya mtihani umechelewa. Ukienda sasa hivi, una miezi. Kukataa kwako mwaka jana hakukufungi, mzazi anaweza kubadili mawazo akaomba huduma. Na hilo darasa la wajinga halipo mama. Chata nyingi kinachofanyika ni mwalimu mwenye cheti cha kufundisha wanaojifunza Kiingereza anawafundisha humohumo darasani kwao, au anawachukua kwa muda mfupi wanarudi. Nenda ukakae nusu saa nyuma ya darasa uone kwa macho yako, omba tu ruhusa ofisini.

Wenye watoto wanaoandikishwa sasa hivi, ile fomu ya lugha ya nyumbani andikeni ukweli. Kuirekebisha kuna wiki mbili tu toka siku ya kuandikisha na iwe kabla mtoto hajapimwa, baada ya hapo imeganda. Najua wengine wanaandika Kiingereza kwa hofu ya makaratasi ya uhamiaji. Fomu hiyo ni ya lugha, na haki ya mtoto kusoma shule ya umma bila kujali makaratasi iliamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani 1982 kwenye kesi iliyotokea Tyler, hapahapa Texas.

Na kwa mkimbizi au aliyepewa hifadhi ambaye mwanae ndo kwanza yuko mwaka wa kwanza kwenye shule za Marekani, na kule alikotoka hakusoma au alisoma kwa kukatikakatika, gredi ya 3 hadi ya 8, elpaki inaweza kumsamehe STAAR mwaka huo. Wataomba kuona I-94, ile karatasi ya uhamiaji ya kuingia nchini, na watataka kujua alisoma nini na kwa muda gani. Wako ameshapita mwaka wa kwanza kwa hiyo hilo halimhusu tena, lakini historia yake ya kambini waeleze bado, darasa la watoto wangapi, kwa lugha gani, miezi mingapi shule ilifungwa. Texas inaruhusu matokeo ya mtoto mkimbizi wa namna hiyo yasihesabiwe kwenye alama ya shule mpaka mwaka wa tano, na shule ikilijua hilo, mara nyingi presha kwa mtoto inapungua yenyewe.

TELPAS nayo usiisahau, inakuja kabla, mwezi wa pili na wa tatu. Inapima kusikiliza, kuongea, kusoma, kuandika. Hapo kwenye kuongea ndo watoto wetu wanaumia. Mtoto anavaa hedifoni yenye maikrofoni, anaonyeshwa picha, labda watoto wako bustanini, anaambiwa eleza unachoona, na kompyuta inarekodi. Sasa mtoto aliyefundishwa kutopayuka mbele ya wakubwa, kwenye chumba kimya chenye mwalimu anatembea nyuma yake, ananong'ona. Anasema maneno matatu anabonyeza endelea. Na hapo ameonekana hajui kuongea wakati nyumbani anamtafsiria mama dukani mpaka benki! Mwambieni mapema kabisa kwamba kwenye hiyo maikrofoni kuongea kwa sauti ni adabu, na aseme sentensi nyingi kadiri awezavyo. Mfanyishe nyumbani, mpe picha yoyote kwenye simu, dakika moja aongee asisimame. Hiyo TELPAS ni moja ya vitu vinavyomtoa kwenye ile orodha ya wanaojifunza Kiingereza, ndo maana naipigia kelele.

Sasa dada mkubwa. Gredi ya tisa, hapa mambo yanabadilika. Sekondari Texas ina mitihani mitano ya mwisho wa somo ambayo mwanafunzi anatakiwa aipasi ndo apate cheti: Aljebra ya kwanza, Baiolojia, Kiingereza cha kwanza, Kiingereza cha pili na Historia ya Marekani. Mwaka huu kama anasoma masomo ya kawaida ya gredi ya tisa atakutana na mitatu, Aljebra, Baiolojia na Kiingereza cha kwanza. Asipopasi anarudia mtihani, siyo darasa, na nafasi za kurudia ziko mwezi wa sita, wa kumi na mbili, na msimu mwingine wa kawaida, ana miaka minne mbele yake, hana haja ya kulia mwezi wa tano. Tena kuna kitu wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto anayejifunza Kiingereza, mwenye miaka mitatu au pungufu kwenye shule za Marekani, au mitano kwa mkimbizi aliyekosa shule, ambaye TELPAS inaonyesha kusoma kwake bado, akipasi somo la Kiingereza cha kwanza darasani lakini akaanguka mtihani, halazimishwi kuurudia. Ataufanya mara moja, basi. Lakini hiyo ruhusa inapitia elpaki, na mtoto ambaye mzazi amekataa huduma haipati. Unaona ile saini inavyotembea? Kwa mdogo imechukua hedifoni, kwa mkubwa inaweza kumnyima ile ruhusa ya kutorudia mtihani mzima kwenye njia ya cheti.

Na akifika gredi ya 11 au ya 12 bado kuna mtihani mmoja au miwili imemshinda, kuna kamati ya mwanafunzi binafsi, ipo toka 2015, na chata zinatakiwa kuitumia kama shule nyingine. Inakaa mwalimu wa somo, mkuu, mzazi, wanaangalia maksi zake, mahudhurio, wanampa kazi ya mradi ya somo lile, wakikubaliana wote anamaliza na wenzake. Ikizidi miwili hiyo njia imefunga. Kwa hiyo lengo la binti yako liwe kupasi angalau mitatu mapema, na mimi ningeanza na Aljebra na Baiolojia maana Aljebra ina namba, na Baiolojia ina michoro na maneno ambayo akishayakariri ni yaleyale.

Umesikia pia mtu anasema STAAR inafutwa, na ni kweli kwa sehemu. 2025 Texas ilipitisha sheria ya HB 8, kuanzia mwaka wa shule wa 2027–28 ule mtihani mmoja mkubwa wa gredi ya 3 hadi ya 8 unaondoka, inakuja mitatu mifupi, mwanzo wa mwaka, katikati na mwisho. Mpaka hapo STAAR ipo. Na ikija hiyo mitatu chata itaifanya vilevile, na elpaki itaendelea kukaa, kwa hiyo hiyo karatasi yako itafute tu.

Kama watoto wenu wana ulemavu au shida ya kujifunza, kamati yao ni nyingine, inaitwa ARD, hiyo nitaiandikia siku yake maana ni ndefu. Hapa niseme tu kwamba mtoto anaweza kuwa na zote mbili na zinatakiwa kukaa pamoja.

Mwisho, jinsi ya kwenda. Usiende peke yako na mtoto akutafsirie, mtoto hatafsiri mkutano wake mwenyewe, atakuambia kila kitu kiko sawa. Omba mkalimani, shule inayopokea hela ya shirikisho inatakiwa ikuelezee mambo ya mwanao kwa lugha unayoielewa, msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na Houston mkalimani wa Kiswahili kwa simu hakosekani. Wakisema hawana, waambie utasubiri wampate. Halafu andika barua fupi, kwa Kiswahili tu inatosha, kama hivi:

"Mimi ni mzazi wa watoto hawa wawili, majina na gredi zao ni haya. Mwaka jana nilikataa huduma za lugha. Sasa nimebadili uamuzi, naomba watoto wote wawili waingizwe kwenye huduma. Naomba kamati ya LPAC ikae kabla ya mwezi wa tatu, nialikwe, na niwekewe mkalimani wa Kiswahili. Naomba kamati iangalie misaada ya kila mtoto kwenye STAAR, na kwa mkubwa iangalie pia ile ruhusa ya Kiingereza cha kwanza. Naomba nijibiwe kwa maandishi."

Toa kopi mbili, moja wape ofisini, nyingine wakugongee muhuri wa tarehe urudi nayo nyumbani. Ukishapata tarehe ya kikao niandikie, tutapitia pamoja maswali ya kuwauliza, na siku hiyo nenda na madaftari ya mdogo ya hesabu, yale anayoandika nyumbani, wayaone.